Popo Ndani ya Kopo la Kahawa

Kila Jumamosi asubuhi, ndama wakishakunywa maziwa na ndoo zikishaoshwa, Kaia Tollefson alipanda baiskeli yake na kumpitia Joleen, binti wa shangazi yake, waende kukagua visanduku. Kazi hiyo walipewa na klabu ya watoto wa mashambani, na Kaia, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliiona ni cheo kikubwa. Mfukoni alibeba penseli za akiba, kitambaa cha kukaushia unyevu, na vitu vidogo vya kujazia: shanga, picha za kubandika, vifutio vyenye umbo la ng'ombe.

Visanduku vyenyewe vilifichwa kando ya njia ya zamani ya reli, ile ambayo vyuma vyake vilishang'olewa na sasa watu hupita na baiskeli katikati ya mashamba ya mahindi. Ni mchezo unaopendwa sana pale. Unafuata ramani ya simu mpaka unapokaribia, kisha unatafuta kwa macho na mikono, chini ya daraja, ndani ya shina lililooza, nyuma ya jiwe. Ukikipata kisanduku unaandika jina lako, unachukua kitu kimoja kilichomo, na unaacha cha kwako chenye thamani ileile au zaidi. Njia hii ya klabu iliitwa Njia ya Popo, kwa sababu kila kisanduku kilikuwa na swali juu ya popo, na bonde lile lina popo wengi wanaokula mbu na nondo wa mahindi usiku kucha. Ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi. Sherehe ilikuwa Jumamosi iliyofuata, ingawa wageni wachache walishaanza kupita.

Juu ya kila kifuniko palikuwa na maneno meupe: TAZAMA, USIGUSE. Aliyeyaandika ni Kaia mwenyewe, kwa brashi, maana mwandiko wake uliwashinda wenzake wote. Bi Lindahl, dereva wa basi la shule na mlezi wa klabu, aliwaeleza sababu tangu mwanzo. Popo hana ugomvi na mtu. Lakini popo anayelala chini mchana na hawezi kuruka, huenda ana ugonjwa uleule wa kichaa cha mbwa, na meno yake ni madogo hivi kwamba anaweza kukung'ata na usione alama. Ukimkuta popo chini, unarudi nyuma, unamwita mtu mzima. Kaia aliyajua maneno hayo yote. Aliwahi kuyasema mbele ya wazazi bila kutazama karatasi, akapigiwa makofi.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa ndani ya kijumba cha mawe kilichojengwa juu ya chemchemi, ambamo wakulima wa zamani walipoza madebe yao ya maziwa. Humo ndani kuna baridi hata Agosti. Kaia alipoinama kutoa kisanduku kwenye tundu la ukuta, aliona sakafuni kitu kama jani kavu. Jani likatikisika.

Joleen alirudi nyuma mara moja, akasema waende wakampigie simu Bi Lindahl. Kaia akajibu kwamba Bi Lindahl kaenda mjini, na mpaka arudi yule kiumbe atakuwa ameshakufa kwa kiu. Popo mwenyewe alikuwa mdogo mno, jamani, mdomo wazi, ubawa mmoja umekunjwa vibaya.

"Haya, mwandishi wa vifuniko," Joleen alimcheka, "soma basi ulichoandika."

"Nimeandika kwa ajili ya wageni," Kaia akasema, na akamwokota kwa mikono mitupu.

Popo alitulia kidogo kiganjani, laini kama kipande cha mahameli. Halafu Kaia akahisi kitu kama ncha ya sindano kwenye kidole cha shahada. Alikitazama. Hakukuwa na damu. Joleen alipouliza kama ameumwa, alisema hapana, ni kucha tu.

Pale dirishani palikuwa na kopo kuukuu la kahawa lililowekewa misumari. Kaia aliimwaga misumari, akatoboa kifuniko ili hewa ipite, akamtia popo ndani. Kisha, ili paka wa mashambani wasimfikie, akalisukuma kopo ndani kabisa ya tundu jingine la ukuta na kuliziba kwa jiwe bapa. Angerudi baada ya chakula na maji na kitambaa laini.

Nanyi mnaosoma, angalieni alichofanya. Kila anayeingia kijumba kile huingia kwa jambo moja tu, kupapasa ukuta akitafuta kitu kilichofichwa. Mchezaji yeyote wa mchezo huu, hata wa miaka mitano, akiona jiwe bapa limeziba tundu, hawazi mara mbili. Atalitoa. Akikuta kopo, atalifungua na kutia mkono, maana ndivyo alivyofundishwa. Kaia alikuwa mchezaji tangu hajaanza shule, na hilo halikumjia akilini hata kidogo.

Waliporudi baada ya chakula cha mchana, jiwe lilikuwa sakafuni. Kopo lilikuwa limerudishwa mahali pake, kifuniko kimekazwa vizuri, jinsi wachezaji wanavyofundishwa kuacha kitu walivyokikuta. Kaia alilifungua taratibu. Popo hakuwemo. Ndani palikuwa na kibanio cha nywele cha njano chenye umbo la ua.

Mtu alichukua, akaacha cha kwake.

"Ni mtoto mdogo," Joleen alisema mwishowe. "Katia mkono humu."

Kaia akasema popo karuka akaenda zake, na popo mgonjwa haruki. Joleen akamuuliza amejuaje kama aliruka. Kaia akakasirika. Alimkumbusha Joleen kwamba mzee Aune, mwenye shamba ambamo njia inapita, aliikubali Njia ya Popo kwa shingo upande, na alisema wazi kuwa siku mtu akiumia ataifunga. Mwaka mzima wa kazi ya klabu ungepotea, na sherehe ingekufa. Akamwapisha asimwambie mtu. Joleen aliapa, lakini njiani kurudi aliendesha baiskeli yake mbele, peke yake, bila kugeuka.

Jioni ile Kaia alinawa kidole kwa sabuni mara nyingi hivi kwamba mama yake, Karin, alimuuliza kama ameshika grisi ya trekta. Kibanio alikificha ndani ya soksi, kwenye droo ya nguo. Kila alipopita karibu na ile droo alihisi kama kuna mtu humo anayemtazama. Alijiambia kwamba popo wengi ni wazima. Alijiambia kwamba huenda mtoto hakumgusa. Kisha akakumbuka jinsi kibanio kilivyolazwa katikati ya kopo, kwa uangalifu, na mtoto aliyeona ni lazima alipe alichochukua, na akashindwa kumaliza chakula.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili, na kanisani palikuwa na kifungua kinywa cha wote, chapati za maji na soseji, chini ukumbini. Watu wa kambi ya mahema kando ya mto hualikwa pia. Kaia alikuwa zamu ya kugawa chapati. Alikuwa anaweka chapati kwenye sahani ya msichana mdogo wa miaka sita hivi alipoona upande mmoja wa nywele zake umebanwa kwa ua la njano. Upande wa pili nywele zilining'inia usoni. Kwenye kidole gumba palikuwa na plasta.

Mtoto alijitambulisha bila kuulizwa. Aliitwa Marisol Ruiz, wametoka Nebraska, na leo mchana wanaondoka, ila kwanza watapita duka la kiwanda cha jibini wakanunue ile jibini mbichi inayolia kati ya meno. Halafu akasogea karibu na kusema kwa sauti ya chini kwamba jana alipata kopo la siri kuliko yote. Ndani alikuwemo panya aliyevaa koti. Panya huyo alimfinya kidole, kisha akafungua koti lake akaruka nje ya mlango.

"Mama yako anajua?" Kaia aliuliza.

"Nimemwambia ni mwiba." Marisol alitazama nyuma, ambako mama yake alikuwa akicheka na watu mezani. "Alinikataza kutia mkono kwenye matundu kabla hajaona. Usimwambie, eh?"

Kaia alimwongezea chapati ya pili. Ndicho alichofanya. Mtoto yule alimshukuru, akaondoka na sahani yake kwa mikono miwili, na Kaia akabaki na mwiko mkononi, mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni akamuuliza kama amelala.

Joleen alikuwa ameona yote kutoka kwenye meza ya maziwa. Alimtazama tu Kaia, na Kaia akainamisha macho.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameshafunga aproni. Ilikuwa siku ya kutia matango kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi, na ndoo mbili za matango zilikuwa zinangoja. Mama Kaia anafanya kazi kwenye kiwanda kile cha jibini siku za wiki, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yake ya mambo ya nyumba. Alimwambia Kaia akunje mikono ya blauzi na amsaidie kugeuza matango kwenye maji ya chumvi.

Kaia alitumbukiza mikono. Chumvi ilimchoma kidole cha shahada, pale pale palipodungwa, akaruka na kushika kidole.

"Una nini hapo?" mama yake aliuliza.

"Mwiba," Kaia akasema.

Neno lilimtoka, naye akalisikia likitoka kwa sauti ya Marisol. Akaanza kulia. Alilia kile kilio cha kutetemeka mabega, mama yake akadhani amejikata, akaukamata mkono wake na kuugeuza huku na huku. Ndipo Kaia akasema yote, kuanzia jani kavu lililotikisika mpaka chapati ya pili. Alisema pia kwamba alimwapisha Joleen. Alitaka kusema na habari ya mzee Aune na sherehe, lakini ilipofika kwenye ulimi aliona jinsi ilivyo ndogo, akaiacha.

Mama yake hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika rangi, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa. Kisha akainuka, akaosha kidole cha Kaia kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, huku mkono wake mwingine ukibonyeza simu. Alimpigia nesi Paulette wa hospitali ya mji, jirani yao. Kaia alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, jana asubuhi. Hapana, popo hayupo, kapaa, hawezi kupimwa. Wapo wawili. Ndiyo, wawili.

Alipoweka simu alisema, "Sindano zipo, na bado hatujachelewa. Ila ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha mwilini, daktari hana la kufanya. Hakuna, Kaia. Umenielewa? Sasa yule mtoto yuko wapi?"

Walikwenda na pikapu mpaka kambini. Pale hema la akina Ruiz lilipokuwa, palibaki mraba wa nyasi zilizolala. Nebraska ni mbali, na hakuna aliyejua hata namba ya gari lao. Kama wangefika barabara kuu, Marisol angekwenda na siri yake ya mwiba mpaka nyumbani, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza tena habari ya kile kidole.

Ndipo akakumbuka jibini inayolia.

Mama yake alipiga simu dukani pale kiwandani, akampata Arlene, mwenzake wa kaunta. Alimwambia kuna mama na mtoto mdogo, nywele za mtoto zimebanwa upande mmoja kwa ua la njano. Wakija, usiwaache waondoke, hata ikibidi uwape jibini ya duka zima waionje. Arlene akajibu kwamba wapo mbele yake, wanaonja kipande cha tano.

Waliwakuta wanapanda gari. Mama Kaia alizima injini, lakini hakushuka.

"Utasema wewe," alisema. "Mimi nitasimama nyuma yako."

Kaia alivuka uwanja wa magari. Bi Ruiz alimtabasamia, akimkumbuka yule msichana wa chapati, na lile tabasamu lilimuuma kuliko kofi. Kaia alisema kwamba popo aliyekuwa kwenye kopo, yeye ndiye aliyemweka. Akasema alijua haifai kumgusa. Alijua pia tangu asubuhi kwamba Marisol ameng'atwa, na alinyamaza.

Bi Ruiz hakumwelewa mara moja. Alimgeukia binti yake, akainama, akaibandua plasta polepole. "Mwanangu, huu ni mwiba?"

Marisol alimtazama Kaia kwa macho yaliyojaa machozi. "Nilikwambia usiseme."

"Najua," Kaia akasema. "Na mimi nilisema mwiba."

Bi Ruiz alimbeba mtoto wake, mkubwa vile alivyokuwa, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mfuko wa jibini ukaanguka chini. Hakumtukana Kaia. Alimuuliza swali moja tu: kama tusingependa jibini, ungefanyaje? Kaia aliinama, akauokota ule mfuko na kumnyooshea.

Hospitalini waliwekwa chumba kimoja. Zile sindano za kwanza hupigwa palepale penye jeraha, na zinauma, nisiwadanganye. Marisol alipiga mayowe. Kaia alijizuia, si kwa ushujaa, ila aliona hana haki ya kulia mbele ya mtoto yule. Nesi Paulette aliwaeleza kwamba watachomwa nyingine kwa majuma mawili, na za Marisol zitamaliziwa hospitali ya kwao, na kwamba wakizimaliza zote hakuna cha kuogopa. Alimwambia Bi Ruiz kwamba popo wengi ni wazima, na kwamba huenda hata huyu alikuwa mzima. "Lakini hayupo wa kutuambia," alisema. "Ndiyo maana tunachoma."

Kaia alitoa kibanio mfukoni akamnyooshea Marisol. Mtoto alikiangalia, akatikisa kichwa huku kamasi zinamtoka. "Chako hicho. Mimi niliacha."

Njiani kurudi, mama yake aliendesha mpaka walipofika kwenye mahindi. Ndipo akasimamisha pikapu kando ya barabara.

"Kumwokota popo ni kosa la mtoto mwenye huruma na kichwa kigumu," alisema. "Hilo nililisamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini leo asubuhi mtoto alikuja mbele yako na kidole chake, nawe ulijua, ukampa chapati. Hilo sitakwambia usahau. Likae nawe. Siku nyingine mdomo wako ukitaka kunyamaza, litakuchoma kama ile chumvi. Ukikosea, njoo useme wakati bado kuna dawa. Nitakasirika, ndiyo, hasira ni yangu mimi nitaibeba. Msiba wa kukuzika siwezi kuubeba."

Kaia aliomba wapitie kwa Joleen kwanza. Alimwambia kiapo kile kimekwisha, na kwamba hakuwa na haki ya kumbebesha. Joleen alisema alikuwa ameshavaa viatu aende kwa Bi Lindahl. "Ningekusema, ujue," alisema. Kaia akamwambia afadhali angefanya hivyo.

Sherehe haikufanyika Jumamosi ile. Mzee Aune hakuifunga njia yote, lakini kijumba cha mawe alikitia lango la vyuma lenye nafasi za kupita popo na si za kupita watu, na kisanduku cha humo, kizuri kuliko vyote, kikaondolewa. Wenzake klabuni walinung'unika. Wengine walimwita Malkia wa Popo, na mmoja alimuuliza kila siku kama ameshaanza kubweka. Alipokwenda kuchomwa sindano ya mwisho alikuta ujumbe kwa nesi Paulette kwamba Marisol naye amemaliza zake, yu mzima, na anauliza kama yule panya amepata koti jipya. Kaia alikwenda msalani akalia huko, peke yake, kwa furaha na aibu pamoja.

Siku moja kabla ya sherehe iliyoahirishwa, Bi Lindahl alimkuta kwenye ghala la klabu amevipanga vifuniko vyote sakafuni, brashi mkononi, kibanio cha njano kimemshikia nywele zisimwangukie machoni. Chini ya yale maneno ya zamani alikuwa anaongeza mstari wa pili, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeona haya. UKIGUSA, SEMA LEO.

Bi Lindahl alivaa miwani akausoma.

"Hizo ni ndogo mno," alisema. "Futa. Uandike kubwa kuliko za juu."